Wino ndio unaokula magombo ya mafunjo ya kale, au tunausingizia bure?

#1 Kitwana_Ughaibuni
Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nilimpeleka shemeji makumbusho huku Ulaya, alikuja kututembelea. Kuna chumba cha magombo ya Misri ya mafunjo, yaani karatasi za kale za matete zilizokunjwa, yale waliyozikwa nayo wafu. Nikasimama mbele ya moja karibu nusu saa. Maandishi meusi yamekolea utadhani yameandikwa Jumanne. Lakini penye picha, kila kilichopakwa kijani, majani ya mti, uso wa mungu wao Osiris, pametoboka. Sisemi pamefifia. Pametoboka, unaona ubao wa nyuma.

Kabati la pili lina ukurasa wa Kikopti, lugha ya Wakristo wa Misri, wa zama za Ukristo. Huo herufi zake ni za kahawia, na mafunjo yamekatika kwa kufuata mistari ya herufi, kama ukingo wa stempu.

Shemeji akasema wino ni tindikali, umekula. Mlinzi wa chumba akasema ni uzee tu. Sasa swali langu: kama wino unakula, ule mweusi wa miaka elfu tatu mbona haujala kitu? Wajuvi karibuni.

#2 Chai_ya_Rangi
Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, shemeji katoka Bongo mpaka Ulaya unampeleka kuangalia majani makavu? Huyo shemeji ana subira.

#3 MkemiaMtaa
Shemeji na mlinzi kila mmoja kapata nusu. Tatizo ni kwamba "wino" si kitu kimoja.

Ule mweusi ni masizi. Mwandishi wa Misri alichukua masizi, akayachanganya na utomvu wa mgunga na maji, akakausha kidonge. Akitaka kuandika analowesha kalamu na kuisugua juu ya kidonge, kama mtoto na rangi za maji. Masizi ni kaboni, na kaboni haina ugomvi na mtu: haiozi, haipauki kwa jua, haishiki kutu, haitoi tindikali. Inakaa juu ya mafunjo kama vumbi lililogandishwa. Kinachoweza kuiondoa ni maji, au gundi ikichoka ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta. Hapo wino umekufa, lakini haukumchukua mtu.

Kijani ni habari nyingine kabisa. Nitarudi, nipo kazini.

#4 Bi_Zafarani
Aliyosema MkemiaMtaa nayashuhudia kwa mikono yangu. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa chuo huku visiwani. Wino wa mbao zetu aliutengeneza mwenyewe: masizi ya chemli, gundi ya mti, maji kidogo, anauhifadhi kwenye kichupa na pamba ndani. Jioni tunaosha mbao, asubuhi tunaandika upya. Ubao aliosomea baba ndio niliosomea mimi. Haukuliwa na wino hata siku moja. Ulikwisha kwa sisi kuusugua.

Na kombe nalo ni hivyo hivyo, ila kwa zafarani. Unaandika kwenye sahani, unaosha, mgonjwa anakunywa. Wino unaokubali kuoshwa hauna meno.

#5 Padri_Mstaafu
Bi Zafarani umenikumbusha Hesabu 5:23. Kuhani anaandika laana katika kitabu, kisha anazifuta ndani ya maji machungu, na mwanamke ananyweshwa. Hilo agizo lisingewezekana kwa wino unaouma. Hata Wamisri wana hadithi ya mwana wa mfalme, Naneferkaptah, aliyenakili kitabu cha uchawi kwenye mafunjo mapya, akakiloweka kwa bia, akakiyeyusha majini, akanywa, akajua yote yaliyomo.

#6 Chai_ya_Rangi
Kwa bia! Huyo ningesoma naye darasa moja.

#7 Juma_Mtandao
Samahani, MkemiaMtaa unapotosha. Nimeangalia video moja, wanasema Wamisri waliandika kwa wino wa chuma tangu enzi za piramidi, ndiyo maana magombo mengi yameoza. Fanya utafiti kwanza.

#8 Kalamu_ya_Unyasi
Juma, video imekudanganya, au ulilala katikati. Hati za mafunjo za zamani kuliko zote zenye maandishi ni zile za Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu. Timu ya mwanaakiolojia Pierre Tallet ilizipata mwaka 2013. Kuna shajara ya msimamizi aitwaye Merer, aliyekuwa akisomba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, kwa ajili ya piramidi ya mfalme Khufu. Zina miaka karibu 4,500. Zimechanika, zimekatika, lakini herufi zinasomeka. Ni masizi.

Chuma kilikuwepo, ila kwenye wino mwekundu. Mwekundu wao wa kawaida ni udongo mwekundu, yaani kutu ya asili. Na huo nao hauli. Chuma kilichokwisha kushika kutu hakina njaa tena.

Wino wa chuma unaosemwa na hiyo video ni ule wa vinundu vya mwaloni. Mdudu anatoboa mti, mti unavimba kinundu kilichojaa tanini, ule ukakasi uliomo hata kwenye chai ya rangi. Unakiponda, unakichemsha, unatia salfeti ya chuma na gundi. Ukiandika unatoka hafifu, ukipata hewa unakuwa mweusi, na miaka ikipita unageuka kahawia. Huo ulianza kuenea zama za Warumi za mwisho. Ukurasa wa Kikopti wa mleta mada, wenye herufi za kahawia, nadhani ndio wenyewe.

Lakini kemia yake waliijua mapema. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anaeleza jinsi ya kumkamata mfanyabiashara anayechanganya salfeti ya chuma kwenye kutu ya shaba: loweka kipande cha mafunjo kwenye maji ya vinundu, kipake dawa unayoishuku, kikigeuka cheusi umeibiwa. Angalia hapo, wino wa chuma umeshatengenezwa juu ya mafunjo, ila yeye anautumia kukamatia matapeli tu.

#9 Juma_Mtandao
Sawa, nimepunguza sauti.

#10 MkemiaMtaa
Nimerudi. Asante Kalamu.

Wino wa chuma una midomo miwili. Wa kwanza ni tindikali: chumvi ya chuma ikikutana na tanini inaacha tindikali ya salfa, nayo inakata minyororo ya selulosi taratibu. Mafunjo ni mmea, na kinachoyashikilia ni hiyo selulosi. Mdomo wa pili ni chuma chenyewe. Kikizidi kuliko tanini iliyopo, kinabaki huru, na kinachochea oksijeni ya hewani kushambulia nyuzi. Kinachochea bila kwisha, ndiyo ubaya wake. Kwa hiyo mwandishi aliyetia salfeti nyingi ili wino uwe mweusi haraka aliandika hukumu ya karatasi yake mwenyewe.

Sasa kijani. Wakulima wa kahawa mnaujua mrututu? Shaba ile. Kuna vijani vya Misri vilivyotengenezwa kwa chumvi za shaba, ndugu wa mrututu. Shaba nayo inachochea kama chuma. Inaanza kugeuza mafunjo kahawia kwa nyuma, kisha yanakuwa kama biskuti, kisha yanaanguka. Lakini si kila rangi ya shaba iko hivyo. Bluu ya Misri ni mchanga, chokaa na shaba vilivyochomwa pamoja mpaka vikawa kama kioo, halafu vikasagwa. Shaba imefungiwa ndani, haitoki. Ndiyo maana unakuta bluu salama na kijani jirani yake kimeacha dirisha.

#11 Msukuma_wa_Ziwa
Nimesoma mpaka hapa, na naona mnamkamata mshtakiwa asiye na hatia. Mimi nimezaliwa kando ya Ziwa Victoria, mafunjo nayajua kabla sijajua wino. Tunayakata, tunaezekea, tunasuka majamvi. Jamvi la mafunjo likikaa penye unyevu, mwaka hauishi, limekuwa mbolea. Na hakuna aliyeliandika.

Adui wa mafunjo ni maji. Angalieni yalikopatikana magombo. Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walianza kuchimba Oxyrhynchus, mji wa kale wa Misri, mwaka 1896, kwenye majalala ya mji. Majalala! Wakatoa vipande karibu laki tano, kwa sababu mchanga ni mkavu na mafuriko hayafiki. Halafu angalieni Delta ya Nili na Aleksandria, kulikokuwa na maktaba na waandishi wengi kuliko mahali popote. Hakuna kitu, isipokuwa vilivyoungua vikawa mkaa. Je, watu wa Aleksandria walitumia wino mbaya zaidi? Walitumia ule ule. Waliponzwa na unyevu.

#12 MkemiaMtaa
Msukuma, hoja nzuri, ila haijibu swali. Gombo ni lile lile, kaburi lile lile, kabati lile lile. Kijani kimetoboka, cheusi kimebaki. Unyevu hauchagui rangi.

#13 Msukuma_wa_Ziwa
Na shaba bila unyevu haitembei. Bila maji tindikali yako imekaa tu kama chumvi kwenye gunia. Wino ni kiberiti, unyevu ndio mkono. Nani kachoma nyumba?

#14 Chai_ya_Rangi
Ngoja nichemshe nyingine.

#15 Daktari_wa_Vitabu
Nimeitwa kwenye huu uzi na rafiki. Nafanya ukarabati wa hati za kale hapa Muscat, za karatasi zaidi kuliko mafunjo, ila nilijifunza pia kushughulikia mafunjo. Naomba niwavuruge kidogo.

MkemiaMtaa, usemi wako kwamba kaboni haina ugomvi ni kweli kwa kaboni tupu. Lakini wino mweusi wa Misri si kaboni tupu daima. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walipeleka vipande vya mafunjo kwenye mtambo wa sinkrotroni, unaotoa eksirei kali sana, ulioko Grenoble, Ufaransa. Vilikuwa vya Tebtunis na Pathyris, miji ya kale ya Misri, kuanzia kama karne ya 2 K.K. hadi ya 3 B.K. Ndani ya masizi wakakuta shaba. Dhana yao ni kwamba masizi yalikwanguliwa kwenye tanuri za kuyeyushia madini. Yaani mwandishi hakujua kama anaandika na shaba.

Mwaka 2020 wakatoa kazi nyingine, vipande 12 vya Tebtunis vya kama mwaka 100 hadi 200 B.K. Safari hii ni madini ya risasi, kwenye wino mwekundu na mweusi. Wanasema haikuwekwa kwa ajili ya rangi, iliwekwa ili wino ukauke haraka, kama wachoraji wa Ulaya walivyofanya na mafuta karne nyingi baadaye.

#16 Chai_ya_Rangi
Wino wenye risasi. Hao waandishi walikuwa wanaandika au wanawinda?

#17 MkemiaMtaa
Daktari, karibu, na nakubali marekebisho. Lakini basi hapo nina swali zito. Kama shaba imo kwenye wino mweusi wa Tebtunis, na shaba ndiyo ninayoishtaki kwenye kijani, mbona hivyo vipande havijatoboka herufi kwa herufi?

#18 Daktari_wa_Vitabu
Ndilo swali tunalogombana nalo kazini. Wengine wanasema ni kiasi: kwenye wino ni chembe, kwenye kijani ni rangi nzima iliyopakwa nene. Wengine wanasema ni umbo: shaba iliyofungwa kwenye madini isiyoyeyuka haifanyi kitu, inayoyeyuka ndiyo inayouma. Mimi naegemea hilo la pili, ila sigombani na wa kwanza.

Na kabla hamjaendelea kumsulubu wino, wakumbukeni watu. Gombo la Ani, lile maarufu la British Museum, lina zaidi ya mita 23. Wallis Budge, mtu wa makumbusho hiyo, alilinunua mwaka 1888, akalikata vipande 37, akavigandisha kwenye mbao. Mkasi, gundi, ubao. Hakuna wino uliomfanyia Ani hivyo. Orodha ya wafalme iliyoko Turin nayo inasemekana ilikuwa karibu nzima ilipopatikana Luxor. Champollion, Mfaransa aliyefumbua maandishi ya Misri, alipoiona mwaka 1824 ilikuwa mamia ya vipande.

Halafu chumvi. Mafunjo yaliyozikwa jangwani yamejaa chumvi. Ukiyafungia kati ya vioo viwili, baada ya miaka unaona ukungu mweupe ndani ya kioo, umechora umbo la mafunjo. Wageni hudhani ni kuvu. Ni chumvi ya mezani, imetoka kwenye mafunjo ikahamia kwenye kioo. Na mwanga: njano ya arseniki, ile inayong'aa kama dhahabu, ukiiweka juani inapauka mpaka nyeupe. Masizi hayajali. Ndiyo maana vyumba hivyo vina giza, mwanga wa luksi 50 tu. Wanaolalamika kwamba picha zao hazitoki vizuri, sababu ndiyo hiyo.

#19 Kitwana_Ughaibuni
Aaa! Nilimlalamikia mlinzi kuhusu taa. Daktari, asante. Kwa hiyo ukungu niliouona kwenye kioo kimoja nikadhani hawafuti…

#20 Daktari_wa_Vitabu
Ndiyo huo. Na hawawezi kufuta bila kufungua, na kufungua ni hatari kuliko ukungu.

#21 Padri_Mstaafu
Nimtetee Msukuma kwa mfano mmoja. Injili ya Yuda, kitabu cha Kikopti kilichopatikana El Minya, Misri, miaka ya 1970. Kipimo cha umri cha kaboni-14 kinakiweka kati ya mwaka 220 na 340. Wino wake ulipopimwa ulikuwa mchanganyiko: masizi pamoja na wino wa chuma. Kwa hesabu ya MkemiaMtaa kilipaswa kujila chenyewe tangu zamani. Lakini kilivumilia miaka 1,600 pangoni. Kilichokivunja ni miaka 16 kwenye kisanduku cha benki huko Hicksville, New York, kisha mfanyabiashara mmoja akakiweka kwenye friji ya kugandisha. Kilipofika kwa wataalamu kilikuwa makombo. Walikiunga kama mtu anayeunga chungu kilichopondwa, tafsiri ikatoka mwaka 2006.

Lakini nimtetee na MkemiaMtaa. Kuna gombo la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, la Kiaramu, Apokrifa ya Mwanzo, la ngozi, miongoni mwa yale saba ya kwanza ya mwaka 1947. Hilo herufi zake zimekula ngozi kweli kweli. Wapo wanaolaumu shaba kwenye wino. Na kuna waliopendekeza kwamba shaba kwenye wino za Qumran ilitoka kwenye vidau vya wino, maana vingine vilikuwa vya shaba.

#22 Kalamu_ya_Unyasi
Yaani kosa ni la chombo! Hiyo ni nzuri. Mwandishi msafi, wino msafi, kidau ndicho mchawi.

#23 Juma_Mtandao
Naomba kurudi, safari hii nimesoma. Herculaneum, mji wa Kirumi karibu na Napoli. Mlima Vesuvio ulilipuka mwaka 79, maktaba nzima ikawa mkaa. Magombo yalipatikana kuanzia 1752. Hapo mafunjo ni meusi na wino ni masizi: mweusi juu ya mweusi. Wino haukuharibu kitu, mafunjo ndiyo yaliyogeuka yakafanana na wino.

Sir Humphry Davy, mkemia, alikwenda Napoli karibu 1820, akajaribu kuyafungua kwa gesi ya klorini. Alijua klorini inapausha kila kitu, lakini wino wa kale ni kaboni, hautadhurika. Hesabu yake kuhusu wino ilikuwa sahihi. Magombo yenyewe ndiyo yaliyokataa.

Juzi juzi vijana wameyasoma bila kuyafungua, kwa eksirei na kompyuta. Kijana mmoja, Luke Farritor, akapata neno la kwanza mwaka 2023, "zambarau" kwa Kigiriki, akalipwa dola laki saba.

#24 Kalamu_ya_Unyasi
Umepanda daraja, Juma. Sahihisho dogo tu: laki saba ilikuwa zawadi kuu ya Februari 2024, na waligawana watatu: Youssef Nader, Farritor na Julian Schilliger. Ile ya neno la kwanza ilikuwa ndogo.

Na kuna kisa ndani yake. Mwaka 2016 walipima vipande viwili vya Herculaneum, pale pale Grenoble, wakakuta risasi kwenye wino, nyingi kiasi kwamba hawakuweza kusingizia maji ya mabomba ya risasi. Risasi inaonekana kwenye eksirei, masizi hayaonekani. Watu wakashangilia kwamba yote yatasomeka kirahisi. Kumbe magombo mengi ni masizi tu, ikabidi kompyuta ifundishwe kutambua nyufa ndogo pale wino ulipokaukia. Kile tunachokiita uchafu wa wino, huko kingekuwa neema.

#25 Chai_ya_Rangi
Dola laki saba kwa kusoma mkaa. Na mimi nina jiko nyumbani, nani anataka?

#26 Mjukuu_wa_Karafuu
Hamjambo. Sijui kama niko mahali pake, hii si mafunjo, ni karatasi. Bibi ana hati ya shamba la karafuu, Pemba, ya miaka ya 1920. Juu kuna maneno ya chapa, chini yameandikwa kwa mkono. Maneno ya chapa ni meusi tii. Ya mkono yamekuwa kahawia, na herufi zenye wino mzito zimetoboka, hasa penye saini. Ukiinua hati juani unaona saini kama nyota. Je, ndio huo wino wa chuma? Na tufanyeje, maana bibi anaitoa kila mwaka kuwaonyesha wajukuu.

#27 Msukuma_wa_Ziwa
Hii si mafunjo, moderata aihamishe. Natania. Lakini Pemba! Mvua, bahari, joto. Ushahidi wangu huo.

#28 MkemiaMtaa
Chapa na mkono, karatasi moja, Pemba moja, mvua moja. Chapa nzima, mkono umetoboka. Ushahidi wangu huo.

#29 Daktari_wa_Vitabu
Waacheni hao wawili. Mjukuu, inafanana sana na wino wa chuma. Wino wa chapa ni masizi na mafuta, ndiyo maana umebaki. Fanyeni haya: msiikunje tena, msiweke gundi ya plastiki kabisa, msiilowanishe hata kidogo, maana maji yanasambaza chuma kilicho huru mpaka kwenye karatasi ambayo bado ni nzima. Itieni kwenye bahasha safi isiyo na tindikali, mahali pakavu, na bibi aonyeshe nakala.

Dawa ipo, ila ni ya maabara. Waholanzi waliitengeneza, ni fitati ya kalsiamu: fitati inakamata chuma kilicho huru, kalsiamu inatuliza tindikali. Fitati ni ile ile iliyomo kwenye pumba za nafaka, ile ambayo watu wa lishe wanasema inazuia mwili kupata chuma cha ugali wa dona. Ubaya wake kwa binadamu ndio uzuri wake kwa hati. Lakini inahitaji kuogesha karatasi. Kwenye mafunjo yenye masizi siwezi hata kuifikiria, nitaosha maneno ya watu nibaki na jamvi la Msukuma. Mafunjo yaliyoliwa tunayashikilia kwa vipande vyembamba vya karatasi ya Kijapani, tunadhibiti unyevu, na tunaomba.

Mkitaka kujua ni wino gani bila kugusa, tumieni mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ila kwa kamera. Masizi yanabaki meusi daima. Wino wa tanini tupu unapotea mapema. Wino wa chuma unapauka polepole kadiri unavyoingia ndani ya infraredi, mpaka unatoweka.

#30 Bi_Zafarani
Daktari, Mungu akuzidishie. Nina swali la lugha. Hii "karatasi" yetu si Kiarabu, qirtas?

#31 Padri_Mstaafu
Ni Kiarabu, na Waarabu wameipata kwa Wagiriki, khartes, ambayo ilikuwa ukurasa au gombo la mafunjo. Hata kalamu ni kalamos, unyasi. 2 Yohana 12 inaposema karatasi na wino, karatasi yenyewe ni mafunjo, na neno la wino katika Kigiriki pale maana yake ni "nyeusi" tu. Kila mtoto wa Kiswahili anayesema "nipe karatasi" anaomba mafunjo bila kujua.

#32 Msukuma_wa_Ziwa
Basi bei ya majamvi yetu ipande.

#33 Juma_Mtandao
Swali la pembeni: kama masizi hayabadiliki, si mtu anaweza kughushi? Achukue mafunjo ya kale matupu, apike masizi leo, aandike.

#34 Kalamu_ya_Unyasi
Imeshafanyika. Mwaka 2012 kilitangazwa kipande cha Kikopti kinachodai Yesu alikuwa na mke. Mafunjo yakapimwa, ya kale kweli, kama karne ya 7 au 8. Wino ukapimwa, masizi, unalingana na wa kale. Kilichokiangusha ni sarufi, na mwandishi wa habari aliyefuatilia kilikotoka. Ule uaminifu wa masizi tunaousifu tangu bandiko la tatu ndio unaomficha mwizi. Wino wa chuma una umri, masizi hayana.

#35 Chai_ya_Rangi
Na panya je? Hakuna aliyemtaja panya. Nyumbani kwetu vyeti vyote aliviharibu panya, wino hauhusiki.

#36 Padri_Mstaafu
Pliny kakutangulia. Anasema wino uliochanganywa na maji ya pakanga unawafukuza panya, ni mchungu. Na wapo watu walioulamba wino: Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba kwenye shindano la ufasaha la mfalme Kaligula huko Lyon waliofanya vibaya waliamriwa wafute maandishi yao kwa sifongo au kwa ulimi.

#37 Chai_ya_Rangi
Mkuu Juma, shukuru haukuwa Lyon kwenye bandiko la saba.

#38 Juma_Mtandao
😂 Nimeshika adabu.

#39 Kitwana_Ughaibuni
Nimemsomea shemeji uzi mzima. Anasema alikuwa sahihi. Nikamwambia nusu. Anauliza mlinzi je, nikamwambia naye nusu. Sasa anataka kujua nusu ya nani kubwa.

#40 MkemiaMtaa
Ya shemeji.

#41 Msukuma_wa_Ziwa
Ya mlinzi. "Uzee" ni unyevu uliokaa sana.

#42 Mjukuu_wa_Karafuu
Nimejaribu infraredi ya maskini. Dukani kwa mjomba kuna kamera ya usiku. Nikazima taa zote, nikaiweka hati ya bibi mbele yake. Maneno ya chapa meusi kama kawaida. Ya mkono yamepauka, kama chai iliyozidishiwa maziwa, lakini hayakupotea. Daktari, ndivyo inavyotakiwa?

#43 Daktari_wa_Vitabu
Ndivyo, kamera hizo hazifiki mbali kwenye infraredi. Kupauka bila kupotea kunaelekea kwenye chuma. Mmeiweka kwenye bahasha?

#44 Mjukuu_wa_Karafuu
Bado. Bibi ameiona kwenye skrini ya dukani, anataka kujua nani kaipeleka hati yake mbele ya kamera ya wezi. Nitarudi nikishasamehewa.